Mashetani Ndani ya Eda

Filamu ya kwanza ya mwezi ule niliipa mbili juu ya kumi, na hizo mbili zilikuwa za paka. Paka alicheza vizuri. Wengine wote, pamoja na bibi harusi aliyefia kwenye lifti akawa anawanyonga wapangaji, walistahili kufukuzwa kazi. Lakini aliyeiharibu ile filamu kuliko wote hakuonekana hata kwenye picha. Alikuwa mume wangu, naye alikuwa ameshazikwa.

Mume wangu alikuwa mtafsiri wa filamu. Sisemi wale wanaoandika maneno chini ya picha. Nasema wale wanaochukua filamu ya Kikorea au ya Kiindonesia, wakakaa na kipaza sauti, wakaisemea kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Sauti ya baba ni yeye, ya mama ni yeye, ya mtoto mchanga ni yeye, na mlango ukilia anakuarifu kuwa mlango umelia. Katikati ya mauaji anasalimia watu. "Nawaona vijana wa bodaboda pale stendi! Nawaona mafundi wa Mbegani! Tulieni sasa, mwenye nyumba anakwenda kufa." Watu wa Bagamoyo walimpenda sana. Kule nyuma ya soko kuna kibanda umiza, banda la mabati ambamo watu wanabanana kwenye mabenchi kutazama video, na pale ikiwekwa filamu isiyo na sauti yake walikuwa wanapiga miluzi mpaka ibadilishwe.

Mimi sikuipenda sauti ile, na sitasema sasa kwamba niliipenda kwa sababu mwenyewe kafa. Nimeanza kutazama filamu za kutisha tangu niko bweni, na ninachokitaka humo ni kimya. Mtu anapanda ngazi, huoni kitu, husikii kitu, unasikia moyo wako mwenyewe. Hapo ndipo mume wangu anapoingia na kelele zake: "Usipande, dada! Huyu dada hasikii! Wazazi wake wamepata hasara!" Watu wanacheka, na filamu imekufa. Nilimwambia miaka yote ya ndoa yetu. "Nyamaza pale panapotisha. Pale tu. Sikuombi kingine." Naye ananijibu, "Mama, wewe mteja mgumu," kisha anakwenda zake kurekodi.

Sasa, kila mwaka ukifika mwezi wa kumi, sisi wanawake tuliolala bweni moja tunashindana kwenye kundi letu la simu. Kila siku unatazama filamu moja ya kutisha, ukimaliza unaipa alama juu ya kumi na unaandika kwa nini. Ukiruka siku umetoka. Zawadi hakuna, ila kuna kusemwa. Mimi nasifika kwa ubahili, maana saba yangu inatafutwa kama mvua ya vuli. Mwaka ule mwezi wa kumi ulinikuta ndani ya eda, nimekaa nyumbani bila hina wala manukato, sitoki ila kwa dharura. Mume wangu alikuwa ameanguka akichukua udhu wa Alasiri, na kabla ya Adhuhuri ya kesho yake tulikuwa tumeshamsitiri. Presha, walisema. Mimi kazi yangu ni kushona mapazia, lakini mjane wa eda ana wateja gani? Niliketi nikatazamana na cherehani.

Na nilikuwa na wifi.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa marehemu. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na hakuna siku aliyokubali mtu asahau jambo hilo. Anauza supu na chapati pale Chalinze, kwa madereva wa malori. Msiba ulipotokea alifunga biashara, akaja na begi na mkeka wake wa kuswalia, akasema atakaa nami mpaka eda iishe. Watu wakamsifu kwa wema. Sikuuona wema huo. Alikuja kulinda. Aliangalia ninavyovaa, ninavyokula, ninavyosema na simu. Zaidi ya yote aliangalia macho yangu, kwa sababu sikuwa nimelia. Walikuja wanawake wa kila mtaa, wakakaa kwenye jamvi, wakanipekua uso kana kwamba nimeficha kitu, na wifi akawaambia mbele yangu, "Huyu bado hajatoa chozi. Sijui ana moyo wa namna gani." Ninao wa namna ile ile kama wao, ila wangu haupokei amri.

Kilichotugombanisha hasa ni kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Ni diski aliyokuwa akihifadhia kazi zake. Siku moja, baada ya Adhuhuri, wifi alikikuta juu ya kabati, akakiweka kati yetu kwenye mkeka.

"Hiki ndicho kina sauti yake?"

"Ndicho."

"Zote?"

"Zote."

"Basi kifutwe," akasema. "Sikiliza, wifi. Mtu akifa, kazi yake haifi. Ameacha kisima, watu wakinywa yeye anaandikiwa thawabu. Ameacha upuuzi wa mashetani, watu wakicheka anaandikiwa dhambi. Ndugu yangu yuko kaburini hivi sasa anaandikiwa. Nimeshakwenda kwa mwenye maktaba ya filamu, na wa kibanda pia. Wamefuta. Kimebaki hiki."

Kweli walikuwa wamefuta. Mwenye maktaba, ambaye mume wangu alimjazia duka lake kwa miaka, alikubali upesi sana. Alikuwa ameshapata mtafsiri mwingine wa kutoka Dar, mwenye sauti mbaya zaidi na salamu nyingi zaidi. Aliniletea rambirambi ya sukari na habari hiyo kwa pamoja. Nilipokea sukari.

Kwa hiyo sauti ya mume wangu duniani ilikuwa imebaki ndani ya kile kisanduku, na wifi yangu alitaka ifutwe kabla ya hitima ya arobaini, ambayo iliangukia mwisho wa mwezi. Wazee wa ukoo walikuwa upande wake. Mimi sikuwa na mtu. Na tena niliogopa, lazima niseme. Sikuwa na elimu ya kumjibu. Ningeking'ang'ania, halafu ikawa ni kweli kwamba anaandikiwa? Nani atakwenda kumfutia kule?

"Niachie mpaka arobaini," nikamwambia. "Nitazame kila siku moja, nimalize. Kisha ufanye utakavyo."

"Unatazama mashetani ndani ya eda?"

"Ndiyo. Na ninayapa alama."

Alisema astaghfirullahi mara nyingi, lakini alikubali. Nadhani alifikiri nitachoka.

Basi ndivyo nilivyofanya shindano mwaka ule. Filamu zangu zote zilitoka kwenye diski ile, na sikutazama nyingine. Nilitazama saa nane mchana, baada ya kuosha vyombo, kwa sababu baada ya Magharibi wageni walikuwa wanakuja kusoma. Nilikuwa na mapazia mazito ya mteja aliyeghairi, nikayatundika, chumba kikapata giza la kuridhisha, ingawa joto lilikuwa la tanuri na nje muuza dagaa alikuwa anapita akinadi. Wifi aliketi mlangoni, mgongo kwenye runinga, tasbihi mkono mmoja na rimoti mkono mwingine. Rimoti aliishika makusudi. Mume wangu akipandisha sauti, yeye anaishusha, majirani wasisikie. Nami nanyanyuka nakwenda kubonyeza kwenye runinga yenyewe, naipandisha. Naye anaishusha. Tulikwenda hivyo siku nyingi.

Nilimpa alama alizostahili. Bibi harusi wa lifti, mbili. Mlinzi wa mochwari, tatu, ingekuwa sita kama asingemwita maiti "mzee wa kazi". Kijiji ambamo jogoo hawawiki, moja. Ile ya kijiji ilikuwa filamu nzuri ya kweli, yenye ukungu na ukimya, na yeye aliimaliza kwa kueleza bei ya kuku wa kienyeji. Niliandika sababu zangu kundini bila kumhurumia. Mwenyekiti wetu, mwanamke anayegawa nane kwa kila kitu hata kwa matangazo, akaniandikia, "Shoga, mpe kumi, ni marehemu." Wengine wakafuatia na kumi zao na vikatuni vya kulia. Nikawajibu kwamba kumi ya huruma wampelekee mtoto wa chekechea. Mume wangu alikuwa akiniomba alama ya kweli kila mwaka, na kila mwaka nilimpa. Nikianza kumdanganya sasa ndipo atakuwa amekufa kabisa. Siku mbili wakaandika alama zao bila kunitaja, na ilinifurahisha.

Katikati ya mwezi niligundua jambo lililonichoma. Alikuwa anamsalimia kila mtu. Alisalimia kinyozi, alisalimia wavuvi wa Saadani, alisalimia mama wa vitumbua na mumewe na mkwe wao. Kwenye filamu ya nyumba iliyojengwa juu ya kaburi, jini anatoka ukutani, yeye anasema, "Dada yangu wa Chalinze, najua unaogopa, wewe uliyenilea kwa mchuzi wa mifupa, usiogope, huyu hana miguu." Wifi alikuwa amenipa mgongo kama kawaida. Niliona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, na nilipomtazama akasema ni kikohozi. Rimoti ilikuwa mapajani mwake na hakuigusa mpaka filamu ikaisha.

Sikulala vizuri siku ile kwa wivu. Nilimpikia, nilimfulia, nilimkalisha kwenye chumba cha stoo na magodoro ukutani ili arekodi bila kelele za watoto wa jirani. Nilitafuta salamu yangu kwenye filamu moja baada ya nyingine. Kila nikifungua nyingine nilikuwa nasikiliza hilo tu, mpaka nikasahau kutishika, na alama zikazidi kushuka. Sikupata. Mume wangu alisalimia Pwani nzima akaniruka mimi, niliyekuwa chumba cha pili.

Ya mwisho ilikuwa ya Kiindonesia. Nilijua ni ya mwisho kurekodiwa, alikuwa akiifanya jioni za wiki ile ya mwisho. Siku ya kuitazama ilikuwa mkesha wa arobaini. Uani sufuria za kukodi zilikuwa zimeshaletwa, na wifi alikuwa ameshamwagiza fundi wa simu na kompyuta aje kesho asubuhi, mapema, kabla watu wa hitima hawajafika. Aliketi, na kwa mara ya kwanza hakunipa mgongo. Alisema anataka kuhakikisha ndiyo ya mwisho.

Filamu ilihusu mama aliyepagawa, na watoto wake wamejifungia chumbani. Mume wangu alikuwa kwenye hali yake ya siku zote. Alisalimia, alitania, alimwimbia yule shetani wimbo wa kuoshea vyombo. Nikawa nimeshaandika mbili kichwani. Kisha ikafika usiku wenyewe wa hofu. Baba anafungua mlango wa chumba cha mama. Mama ameketi juu ya kabati, anatazama ukuta. Nikangoja kelele.

Hazikuja. Mume wangu alinyamaza.

Baba anaingia. Kimya. Mama anageuza shingo, polepole, na mume wangu hasemi kwamba anageuza shingo. Kwa mbali mle ndani ya picha kuna mzee anasoma, sauti ndogo. Niliogopa kama nilivyokuwa naogopa nikiwa msichana, na wakati huohuo nilijawa na furaha nisiyoweza kuieleza, kwa sababu nilielewa. Miaka yote ile nilimwomba kitu kimoja, na hatimaye alinipa. Hii ndiyo salamu yangu. Wengine amewatajia majina, mimi amenipa kimya.

"Amenisikia," nikasema kwa sauti. "Umeona? Nilimwambia anyamaze pale panapotisha, na amenyamaza."

Wifi alinigeukia. "Amekusikia wewe? Wewe husikii kinachosomwa?"

Nikasikiliza. Yule mzee wa kwenye picha alikuwa anasoma aya, ile ya kujikinga na mashetani ambayo kila mtoto wa huku kwetu anafundishwa kabla ya kufundishwa kufunga vifungo.

"Inasomwa Kurani," wifi akasema. "Ndugu yangu hawezi kuropoka juu ya Kurani. Nimemlea mimi. Kimya kile ni adabu, si chako."

"Ni changu."

"Si chako, wifi!"

Tukagombana kweli sasa, tumesimama, wanawake wawili wazima tunagombea kimya cha maiti. Nilimwambia amefunga biashara yake kuja kunyang'anya. Aliniambia mimi ni jiwe, nimekalia alama na mume sijamlilia. Maneno mengine siyaandiki. Mwishoni akaninyooshea rimoti kifuani.

"Rudisha nyuma. Rudisha, tusikilize wote."

Nikarudisha. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, na safari hii hakuishusha. Mlango, kabati, shingo. Kipaza sauti alikiacha wazi, kwa hiyo chini ya usomaji wa yule mzee tulisikia stoo yangu: feni, godoro likiparuza ukuta, pumzi yake. Kisha, mbali, kutoka uani, ikaja sauti ya mwanamke mwenye hasira.

"Chakula kinapoa huku!"

Ilikuwa mimi. Na karibu kabisa na kipaza sauti, kwa kunong'ona, mume wangu akamjibu mtu asiyeweza kumsikia.

"Subiri, mama. Aya inasomwa."

Mzee akamaliza kusoma. Mume wangu akasafisha koo, na akalipuka, "Haya, wapenzi wa kutishwa, tuendelee na msiba wetu!"

Wifi alikuwa ameshinda, na ushahidi ulitoka kinywani mwa marehemu mwenyewe. Sikupewa kitu. Kimya hakikuwa changu. Nilichopewa ni kuambiwa nisubiri. Nikakaa chini kwenye sakafu, na ndipo nilipolia, kwa kelele, kwa kwikwi, kamasi na kila kitu, chozi ambalo wifi alikuwa analisubiri tangu siku ya maziko. Sikumlilia kwa upole. Nilimlilia kwa hasira, kwamba mtu ananiambia nisubiri halafu anakwenda zake. Wifi hakunishika. Alikaa kwenye mkeka, akasema mara moja tu, "Basi." Kisha naye akajifunika uso kwa ushungi.

Asubuhi fundi alifika na mkoba wake, mtu mzima mwenye heshima, akapiga hodi, akaomba aonyeshwe kazi. Nilikuwa nimeshaitoa diski na kuiweka mezani. Nilishaahidi, na nilikuwa nimechoka. Wifi alitoka uani akiwa na mwiko wa pilau mkononi, akasimama kati ya yule mtu na meza.

"Kazi hakuna tena, fundi. Humo mna aya."

Fundi alidhani hajaelewa. "Hakuna tabu, mama. Naiacha hiyo moja yenye aya, hizi nyingine nazifuta. Ni dakika tu."

"Wewe unajua aya imekaa upande gani humo ndani?"

"Mama, haikai upande, hizi kila moja—"

"Nimekuuliza, unajua? Ukigusa ukaifuta, utamwambia nini Mwenyezi Mungu? Utamwambia ni dakika tu?"

Fundi alinitazama anisaidie. Nilikuwa najua vizuri kabisa kwamba aliyoyasema ni kweli, na kwamba kufuta moja na kuacha nyingine ni kazi ninayoiweza hata mimi kwa kidole kimoja. Wifi naye alinitazama. Anauza supu kwa madereva wenye simu za kila aina, na simu yake mwenyewe ina picha za wajukuu ambazo anazichagua na kuzifuta kila wiki. Alijua. Alinikazia macho makali, kama siku zote, akingoja nithubutu kusema.

"Ni kweli, fundi," nikasema. "Ni hatari."

Alikunywa chai akaondoka. Hitima ilisomwa, pilau ililiwa, mwenye maktaba alikula mara mbili. Wageni walipotawanyika, saa nane ya kesho yake, niliingia chumbani nikamkuta wifi ameshashusha mapazia. Alikuwa ameketi mahali pangu, si mlangoni.

"Ile ya juzi kundini umeipa ngapi?" akaniuliza.

"Nne."

"Nne? Na aya yote ile?"

"Aya sikuipa alama. Mume wangu nne."

"Mpe tano."

"Simpi."

Akaguna. "Basi washa ile ya kwanza. Ya harusi. Ile sikuiona, nilikuwa nimegeuka."

"Ni mbaya, wifi. Nimeipa mbili, na ni za paka."

"Washa."

Nikaiwasha. Mume wangu akaanza kupiga kelele tangu kwenye majina ya waigizaji, anasalimia stendi, anasalimia soko, na bibi harusi hajafika hata kwenye lifti. Nilikunja uso, nikangoja wifi aishushe. Alichukua rimoti, akaielekeza kwenye runinga, akaongeza sauti.